Mwenye nyumba alikuwa wapi? Niliyojifunza kwa kumfuata sajini mwenye gesti wa Lexington

Aliyeniharibia hotuba ni mzee mmoja wa Uvira, Kongo. Nilikuwa nimeiandaa tangu Januari kwa safari ya wazee wetu kwenda Lexington, mji wa Massachusetts, Marekani, ambako vita vya Wamarekani kujitoa kwa Mwingereza vilianza mwaka 1775. Kurasa sita, nimezichapa kwa herufi kubwa ili nisihangaike na miwani gizani, na nilikuwa nimefika pale patamu: Waingereza wamevamia nyumba ya wageni ya William Munroe, wanakunywa ramu yake, wanalaza majeruhi wao sakafuni. Mzee akainua fimbo yake kidogo, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa, akauliza: "Mama, na mwenyeji wa ile nyumba, ye alikuwaka wapi?"

Nikafungua mdomo. Kurasa sita, na jibu halimo.

Tangu siku ile nimepigiwa simu na watu wa jumuiya tatu tofauti wanaotaka kuwapeleka wazee na vijana wao Lexington, na kila mmoja ananiomba nimtumie "ile hotuba". Siitumi. Afadhali nieleze nilivyoiandika vibaya, na fedha na usingizi vilivyopotea njiani, mtu aanzie mbele kuliko nilipoanzia mimi.

Mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Lowell, mji wa jimbo hilohilo la Massachusetts, alinipigia nikiwa zamu ya usiku kwa bibi ninayemtunza. "Dada, Aprili tunawapeleka wazee wakaone vita vya Wamarekani vilipoanzia. Wewe unapenda kusoma, tuandalie maneno kidogo kwa Kiswahili." Maneno kidogo! Mji wetu una Waswahili wa kila namna: Wakenya waliotangulia, Wakongo waliopitia kambi za Burundi, Uganda na Tanzania, na sisi Wabongo wachache. Kuongea nao wote kwa pamoja ni kazi, maana hata neno la "baa" tunagombania.

Nilimchagua Munroe kwa kiburi, nakiri. Kila mtu anamsimulia Paul Revere na farasi wake, yule aliyekwenda usiku kuonya kwamba Waingereza wanakuja. Mimi nilitaka mtu asiyejulikana, ofisa wa mgambo aliyekuwa na nyumba ya vinywaji na vitanda kando ya barabara ya kwenda Boston. Alizaliwa 1742, akaishika nyumba ile 1770, na alipofariki 1827 ilikuwa bado yake. Miaka hamsini na saba kwenye kaunta moja.

Na hapo ndipo aibu yangu inapozidi. Mimi ni mtoto wa mgahawa. Mama yangu alikuwa na mgahawa karibu na stendi ya mabasi ya Korogwe, nimekua nikiosha vikombe na kusikiliza madereva. Najua nyumba ya wasafiri ni kitu gani: habari zote zinapita hapo kabla hazijafika kwa mkuu wa wilaya. Lakini nilipokaa kuandika, nikaandika bunduki tupu.

Nianze na maneno, kwa sababu ndiyo yaliyonikwamisha mapema. Jeshi la kina Munroe nililiita mgambo, na neno ni sahihi. Lilikuwa jeshi la raia. Wanaume wa kuanzia miaka 16 hadi 60 walitakiwa kujitokeza siku za mazoezi na silaha zao wenyewe, wakachagua maofisa wao kwa kura, halafu wakarudi mashambani. Nilipoisoma rasimu mbele ya vijana wawili wa Kitanzania, wakaanza kucheka. Kwao mgambo ni yule anayemwaga nyanya za mama ntilie na kukimbizana na machinga. Nusu saa nzima nilishindwa kuwatoa kichwani picha ya sajini Munroe akibeba mizani ya muuza ndizi.

Kilichoniokoa ni methali. Likilia la mgambo lina jambo. Hapo mgambo si mtu, ni mbiu ya kuwaita watu wa mji, na ukiisikia unajua kuna jambo. Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Aprili 1775, Lexington ililia la mgambo hasa: kengele, halafu ngoma, na watu wakatoka vitandani na magobore yao kwenda uwanja wa mji, ambako alfajiri walikutana na wanajeshi wa mfalme wa Uingereza. Nilipolieleza hivyo, hata wale vijana walinyamaza. Kwa hiyo ukipata neno lenye harufu mbaya siku hizi, usilikimbie. Tafuta lilikotoka.

Nyumba yenyewe ilinisumbua zaidi. Nikisema "baa", wazee wa msikitini na mama zetu wa kilokole wote watakunja uso, na watakuwa wamekosea, maana haikuwa baa tu. Nikisema "kilabu", Mtanzania anaona pombe ya kienyeji na benchi. "Hoteli", Mkenya anaona chai na mandazi. Mkongo mmoja akanipendekezea "nganda", yaani baa ya kwao, tukacheka mpaka tukasahau kazi. Mwisho nikachukua "gesti", nikijua fika gesti ina sifa zake, halafu nikaongeza maelezo: kulikuwa na chumba cha vinywaji, vitanda vya wasafiri, zizi la farasi, na bidhaa za duka. Ilihitaji leseni ya mahakama ya kaunti, na wakuu wa mji walitoa maoni kama mwombaji ni mtu wa kuaminika. Mwenye gesti hakuwa mlevi aliyepata mtaji. Alikuwa mtu aliyepekuliwa tabia.

Kinywaji nilichotaka kuwaonyesha kinaitwa flip. Bia, ramu na sukari ndani ya kopo, kisha chuma kilichokaa motoni mpaka kikawa chekundu kinatumbukizwa humo. Nikasema nijaribu nyumbani, bila ramu, kwa kipande cha nondo juu ya jiko la gesi. Kilipoingia kwenye kopo kililia kama maandazi yanapotumbukia kwenye mafuta, povu likapanda likamwagika mpaka sakafuni, harufu ya sukari iliyoungua ikajaa chumba, na king'ora cha moshi kikawaamsha majirani wa ghorofa mbili. Usijaribu ndani ya nyumba ya kupanga. Lakini sikujuta sana, maana ndiyo mara ya kwanza nilipouona mkono wa yule mtu: anashika chuma cha moto mbele ya wateja, anajua sekunde ya kukitoa.

Baada ya maneno yakaja makosa ya vyeo na miaka. Rasimu yangu ya kwanza ilisema "Kanali Munroe alisimama uwanjani alfajiri ile". Hakuwa kanali. Asubuhi ile alikuwa sajini wa kikosi cha Kapteni John Parker, umri miaka 32. Ukanali wa mgambo ulikuja baadaye sana, baada ya kuwa luteni katika jeshi la kaskazini lililomshinda Jenerali Burgoyne wa Uingereza kule Saratoga mwaka 1777. Wamarekani wa zamani walimwita mtu kwa cheo chake cha mwisho, hata wakisimulia utoto wake. Ukisoma "Colonel" kwenye maandishi yao, uliza: mwaka gani? Vilevile niliandika kwamba walikuwa wale "askari wa dakika moja", mgambo teule waliotakiwa kuwa tayari mara moja, ambao kila duka la zawadi linauza sanamu zao. Kikosi cha Lexington kilikuwa mgambo wa kawaida. Sanamu za duka ziache dukani.

Nyumba nayo. Kwa miaka mingi ilidaiwa kujengwa 1695, na utaukuta mwaka huo umeandikwa huku na huko. Wataalamu walipopima pete za miti kwenye mbao zake wakapata 1735. Mimi nilikuwa nimeshachapa 1695, nakala ishirini, kwenye duka la kuchapisha. Dola kumi na nane zikaenda na maji.

Kosa kubwa kuliko hayo ni ushahidi wenyewe. Sehemu tamu ya maisha ya Munroe inatoka mdomoni mwake: maelezo ya kiapo aliyotoa mwaka 1825, akiwa na miaka 82. Anasema jioni ile kijana Solomon Brown alirudi kutoka Boston akaeleza kwamba njiani amewaona maofisa tisa wa Kiingereza wenye silaha. Munroe akadhani wanawafuata John Hancock na Samuel Adams, viongozi wa waliompinga mfalme, waliokuwa wamelala kwa mchungaji Jonas Clarke, akakusanya watu wanane akailinda nyumba ya mchungaji. Kwenye saa sita usiku akaja mpanda farasi asiyemfahamu, anataka kuingia. Munroe akamwambia watu wameshalala na wameomba pasiwe na kelele. Yule mtu akamjibu: "Kelele! Mtazipata kelele za kutosha muda si mrefu. Wanajeshi wa mfalme wanakuja." Ndiye Paul Revere.

Naipenda hadithi hii. Mwenye gesti kazi yake ni kulinda usingizi wa wageni, na hata akishika bunduki mlangoni kwa mtu mwingine bado anasema jamani punguzeni sauti. Mama yangu angesema vivyo hivyo. Lakini niliimeza nzima bila kujiuliza: kwa nini mzee wa miaka 82 anaitwa kula kiapo miaka hamsini baadaye? Kwa sababu miji ya Lexington na Concord ilikuwa inagombania heshima ya nani alimrudishia Mwingereza risasi kwanza. Mwaka 1775, siku chache baada ya mapigano, watu wa Lexington walikula kiapo wakisisitiza kwamba walikuwa wanatawanyika walipopigwa risasi. Wakati ule walitaka dunia ijue hawakuanza. Mwaka 1825 wazee walewale walitaka dunia ijue kwamba walijibu. Sisemi waliongopa. Nasema swali lilibadilika, na jibu hufuata swali. Ukisoma kiapo cha mtu yeyote, kwanza tafuta aliyemwita kuapa na alichokuwa anakitafuta.

Basi, siku ikafika. Siku ya Wazalendo huadhimishwa Jumatatu ya tatu ya Aprili, na kabla jua halijatoka watu huigiza yale mapigano palepale uwanjani. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Tunaondoka saa tisa usiku, kule tunaanza saa 11 na nusu alfajiri." Wazee walielewa. Vijana waliozaliwa hapa walisoma 11 na nusu wakaona saa tano na nusu ya mchana, ya kwao ya Kiingereza. Wanne wakabaki wamelala, tumewasubiri dakika arobaini kwenye maegesho huku gari la kukodi la dola 190 linaunguruma. Andika saa kwa namna zote mbili. Usione haya.

Tulipofika barabara za katikati zilikuwa zimefungwa tayari, tukaegesha mbali. Wazee wakatembea gizani, baridi ya Aprili ya huku inayoingia kwenye magoti. Sikuwa nimebeba viti. Watu walikuwa wengi, wamepanda ngazi walizokuja nazo kutoka nyumbani, na wazee wangu waliona migongo ya makoti. Milio ya bunduki waliisikia vizuri mno. Mama mmoja wa Kivu alinishika mkono akaung'ang'ania mpaka moshi ulipotawanyika, na ndipo nilipotambua kitu ambacho ningepaswa kukifikiria Januari: nimewaleta watu waliokimbia risasi waje kusikiliza risasi saa kumi na moja alfajiri, bila kuwauliza hata mmoja. Hakuna aliyenilaumu, nami sijajisamehe. Waulize kabla. Asiyetaka, mlete saa nne asubuhi, moshi umekwisha.

Kijana mmoja, katika wale waliowahi, akaniuliza kama kulikuwa na mtu mweusi. Nilikuwa naye kwenye mstari mmoja tu, ukurasa wa tatu: Prince Estabrook, mtumwa wa hapohapo Lexington, alisimama na kikosi cha Parker asubuhi ile na akajeruhiwa. Kumbukumbu yake ya jiwe iko mbele ya gesti nyingine, ya Buckman, palepale kando ya uwanja, ambako mgambo wengi walisubiri usiku ule baada ya kengele ya kwanza. Tulikuwa tumesimama hatua chache kutoka pale na sikuwa nimepanga kwenda. Watu wanane wa upande wa wenyeji walikufa pale uwanjani, mmoja wao Robert Munroe, wa ukoo uleule. Estabrook aliishi, akaendelea na vita, baadaye akawa huru. Tulilisoma lile jiwe kwa tochi ya simu, na kwa vijana hiyo ndiyo ilikuwa safari.

Halafu tukatembea kwenda kwa Munroe. Ramani inasema ni takriban kilometa moja na nusu, na mimi kwa akili yangu nikaona ni karibu. Kwa mzee mwenye fimbo, barabara imejaa watu, ni saa nzima. Na ni pale nje, mbele ya mlango uliofungwa kwa sababu sikuangalia saa za kufungua, nilipotoa kurasa zangu, nikafika patamu, na swali likaja.

Mwenyeji wa ile nyumba alikuwaka wapi.

Jibu, nililolipata wiki mbili baadaye maktaba, ni kwamba hakuwepo. Alikesha kwa mchungaji, akawasindikiza Hancock na Adams kuelekea upande wa Woburn, akarudi kupanga safu uwanjani, akaponea chupuchupu risasi za alfajiri. Wanajeshi wa mfalme wakapita kwenda Concord. Mchana wakawa wanarudi mbio, wamechoka, wanapigwa kutoka nyuma ya kila ukuta wa mawe, na ofisa wao mwingine, Lord Percy, akaja kuwapokea na askari wapatao 1,000 na mizinga miwili. Nyumba iliyomfaa Percy kwa makao na hospitali ilikuwa ya Munroe. Kwa saa moja na zaidi mlango wa sajini ulikuwa wazi kwa jeshi la adui, na sajini yuko nje na wenzake.

Walioachwa ni wengine. Mkewe Anna aliwachukua watoto watatu, mdogo akiwa mikononi, akakimbilia kilimani nyuma ya nyumba. Binti yao, aliyekuwa na miaka mitano siku ile, alisimulia ukubwani hofu ya mama yake na moshi wa nyumba zilizokuwa zinaungua jirani. Na kwenye kaunta alibaki John Raymond, mtu mlemavu, kuhudumia. Inasimuliwa kwamba aliwamiminia askari vinywaji, na alipoona mambo yanaharibika akajaribu kutoka, wakampiga risasi. Kabla ya kuondoka walikusanya vitu vya nyumba wakavitia moto. Moto ukazimwa. Munroe alirudi akaikuta nyumba imesimama, pipa tupu, na Raymond amekufa.

Sasa angalia hotuba yangu. Raymond hakuwemo. Anna hakuwemo. Nilikuwa na kurasa mbili juu ya aina za gobore.

Nilimpigia simu mzee nimjibu. Akasikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya, halafu akaniambia kwamba Uvira alikuwa na duka la sukari, sabuni na vinywaji. Wanajeshi walipoingia, hawakuchukua pesa kwanza, walichukua soda. "Na lile daftari la madeni walilichoma. Sasa huyu Mungereza wa Amerika, wenye deni yake walimulipaka?" Nikasema, mzee, si Mwingereza, ni Mmarekani. Akasema siku ile bado alikuwa Mwingereza, ndiyo maana waliitana ndugu wakati wanapigana. Sikuwa na la kumjibu.

Lakini daftari lilinifungua macho. Nikaacha vitabu vya vita, nikaanza kusoma mambo ya fedha. Baada ya siku ile watu wa Lexington waliandika hasara zao na kuzipeleka kwa serikali ya jimbo, na Munroe ni mmoja wao. Hasara yake si ya mkulima aliyeibiwa blanketi, ni ya mtu mwenye bidhaa za kuuza. Hapo ndipo utampata mwenye gesti. Ukitaka kumjua mtu wa zamani ambaye hakuacha shajara, usianze na sifa alizopewa kaburini. Anza na alichosema ameibiwa, halafu leseni yake, halafu wosia. Mtu akidai fidia hasahau kitu.

Fedha za wakati ule zitakutesa. Zinaandikwa kwa pauni, shilingi na peni, na pauni ya Massachusetts haikuwa sawa na ya London. Mimi nilizigeuza kuwa dola za leo kwa kikokotoo cha mtandaoni, nikaringa nazo kwenye rasimu, nikazifuta. Afadhali ulinganishe na mshahara wa kibarua wa mwaka uleule.

Sehemu nyingine niliyoiruka kwa sababu haikupendeza: mwaka 1786 hadi 1787 wakulima wa magharibi mwa Massachusetts, wengi wao askari wa vita vilevile, walishika silaha kwa sababu ya madeni na kodi, wakifuatana na Daniel Shays. Munroe wakati huo ni kanali wa mgambo, na alikwenda na watu wake kuelekea Springfield upande wa serikali. Niliona itaharibu picha ya shujaa. Mzee wa Uvira nilipomweleza hakushangaa hata kidogo. Mwenye duka anayekopesha, alisema, ana macho yake juu ya wenye madeni. Huo ni uamuzi wake, nami naelekea kuukubali.

Na mengine ni ya kufurahisha tu. Tarehe 5 Novemba 1789 Rais George Washington alipita Lexington kuona pale damu ya kwanza ilipomwagika, akala chakula cha mchana kwa Munroe, ghorofani. Meza na kiti chake vimetunzwa mpaka leo. Mwaka 1797 chama kipya cha Wamasoni (Freemason), Hiram Lodge, kikaanza kukutana kwenye nyumba ileile, na mkuu wa Wamasoni wa Massachusetts mwaka huo alikuwa nani? Paul Revere, yule wa kelele. Baada ya Munroe kufa mwanawe Jonas akaendelea na kazi, na nyumba ilibaki kwenye ukoo mpaka mwanzoni mwa karne ya 20.

Juni tulirudi, watu watano tu, kwa gari langu, saa nne asubuhi baada ya kuangalia saa za kufungua mara mbili. Gharama: mafuta, tiketi na chai. Ukitokea Boston bila gari, treni ya mstari mwekundu inakufikisha Alewife, na hapo unapanda basi. Jumapili usitegemee basi.

Ndani nyumba ni ndogo kuliko ilivyokuwa kichwani mwangu. Dari ni ya chini, mzee alikuwa karibu aiguse kwa fimbo. Kwenye chumba cha vinywaji kuna tundu darini, na watu wa nyumba wanasema ni la risasi ya askari wa siku ile. Wenzetu wakalipiga picha. Mimi safari hii sikuwa na karatasi. Nilisimama kwenye kaunta nikawaonyesha mahali pa makopo na moto wa chuma cha flip, nikawasimulia na ile nondo yangu na king'ora, wakacheka.

Mzee hakuwa anatazama tundu. Alikuwa ameegemea kaunta kwa upande wa muuzaji, upande ambao angesimama Raymond, anapima kwa macho kutoka pale mpaka mlango. Kisha akatembea taratibu na fimbo yake, mguu baada ya mguu, midomo inachezacheza kama anahesabu. Alipofika mlangoni akageuka akarudi, akanunua kadi mbili za posta, akaniambia twende, mvua inakuja.

Aprili inakaribia tena. Juzi ameniachia ujumbe wa sauti, anakohoa kidogo: "Mama, mwaka huu twende mchana. Na tuanzie kwenye kaunta."